Mita Ina Jina Lako: Namna ya Kutunga Wimbo wa Mapenzi ya Muda Mrefu Yaliyokwisha

Nyimbo za kutendwa tunazo za kutosha. Fungua redio saa nne usiku: huyu amesalitiwa, yule amefilisiwa, mwingine anamwambia mwenzake aende tu, dunia itamfunza. Taarab nayo ina mipasho yake, na huko mwimbaji hutuzwa kwa ufundi wa kumchoma mtu bila kumtaja. Wimbo wa watu waliokaa pamoja miaka tisa au kumi na tano, wakaachana bila yeyote kufumaniwa, ni kazi nyingine kabisa. Hauna wa kurushiwa kijembe. Wenyewe bado wanachangia ada ya shule, bado wako kikoba kimoja, na shangazi wa mmoja wao akifariki watakaa wote chini ya turubai lilelile. Ndiyo maana watunzi wengi wanaukwepa, au wanauanza vizuri kisha beti ya pili inarudi kwenye "umeniumiza", kwa sababu njia hiyo wameshaizoea.

Mwongozo huu ni wa kutunga wimbo wa namna hiyo: wa polepole, wa dakika nne hivi, unaoweza kusimama kwa gitaa moja au kinanda. Nitautunga mmoja hapahapa ili uone kila uamuzi unavyofanyika. Chukua njia, maneno tafuta yako.

Hatua ya kwanza: amua nani anaimba, anamwimbia nani, na ni lini

Miaka tisa haienei ndani ya dakika nne. Chagua siku moja, na ukiweza, saa moja. Siku za kuchagua ni nyingi: usiku wa kugawana vyombo, asubuhi ya kwanza baada ya gari la mizigo kuondoka, mahafali ya mtoto ambapo wazazi wamekaa viti vya mbalimbali, au jioni moja ya kawaida miezi kadhaa baadaye. Mimi nachagua hiyo ya mwisho. Aliyeachwa jana hupiga kelele, na haki anayo, lakini kelele hazina habari ndani yake. Aliyeachwa tangu miezi iliyopita ndiye anayejua kitasa kipi kinakwama na ni sufuria ipi sasa imekuwa kubwa mno.

Anayeimba ni yule aliyebaki ndani ya nyumba. Anamwambia mwenzake moja kwa moja, kwa "wewe". Ukitumia "yeye" unampa msikilizaji umbea. Ukitumia "wewe" unamsikilizisha maongezi ambayo hakualikwa, na hapo atasogeza sikio. Kiswahili kinatupa zawadi hapa: "u-" na "a-" hazisemi mwanamume wala mwanamke, kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuimbwa na yeyote. Ukitaka uwe hivyo, kaa mbali na "mume", "mke", "kuoa" na "kuolewa" toka mstari wa kwanza.

Angalia pia wanavyoitana. Watu waliokaa miaka tisa, tena wenye mtoto, hawaitani "beibi". Wanaitana Mama Neema, Baba Asha, au hawaitani kabisa, mmoja anaguna tu na mwingine anajua ameitwa. Ukiweka "beibi" kwenye wimbo huu, msikilizaji mwenye ndoa atajua papo hapo kwamba hujawahi kukaa na mtu.

Na mtunzi si lazima awe ndiye anayelia. Kundi la ABBA la Sweden lilikuwa na wanandoa ndani yake. Björn Ulvaeus na Agnetha Fältskog walipoachana, Björn ndiye aliyeandika maneno ya "The Winner Takes It All", uliotoka mwaka 1980, na aliyepewa aimbe ni Agnetha huyohuyo. Mwanamume ameandika, mtalaka wake anaimba kutoka upande wa aliyeshindwa. Björn amesema mara nyingi kwamba hadithi ile ni ya kubuni na kwamba katika talaka yao hakukuwa na mshindi. Maumivu yalikuwa ya kweli, matukio yakatungwa. Ruhusa hiyo unayo na wewe.

Hatua ya pili: orodhesha vitu

Chukua karatasi, andika vitu thelathini vilivyobaki baada ya watu wawili kuachana. Neno la hisia likijitokeza, likate: upweke, majonzi, maumivu, yote toa. Unataka vitu vinavyoshikika na shughuli zinazofanyika. Kwa mfano:

- Ufunguo wa akiba uliowekwa kwa jirani.
- Kadi ya bima ya afya ambayo mmoja ni mwanachama, mwingine ni tegemezi wake.
- Namba ya simu iliyohifadhiwa kwa jina ambalo si kweli tena.
- Mkopo wa kikoba uliokopwa kwa jina la mmoja ukaezeka nyumba ya wote.
- Upande wa kitanda ambao shuka lake halikunjiki.
- Mashemeji wanaopiga simu siku ya Idi kana kwamba hakuna kilichotokea.
- Mita ya umeme.

Ukimaliza, futa kila ambacho kimeshaimbwa hadi kimechakaa: mto uliolowa machozi, mvua dirishani, pete droo ya chini, picha ukutani. Si vibaya, ila vimesikika mno, na sikio linavipita bila kusimama.

Vilivyobaki, vipime kwa swali moja: kitu hiki bado kinafanya kazi leo? Picha ukutani imetulia, unaweza kukaa mwezi mzima bila kuitazama. Mita haitulii. Umeme unakatika saa mbili usiku, unashika simu, unanunua, unaingiza tarakimu ishirini moja baada ya nyingine, na mita yenyewe iliandikishwa kwa jina la mtu ambaye hayupo tena. Kila wiki mbili unalipia umeme kwa jina lake. Hicho ndicho kitu chetu. Wa Dar ataelewa kwa sababu ya Luku, wa Nairobi au Mombasa kwa sababu ya tokeni zake, kwa hiyo ndani ya wimbo nitasema "mita" tu.

Hatua ya tatu: andika kiitikio kabla ya beti

Wengi wanaanza na ubeti wa kwanza, wanafika kwenye kiitikio wamechoka, wanaweka "oooh" nne. Geuza mwendo. Kiitikio ndicho kinachobeba wimbo, beti zinakuja kueleza tumefikaje pale. Hiki hapa:

*Umeme nalipa mimi,*
*mita ina jina lako.*
*Taa naziwasha mimi,*
*na giza bado ni lako.*

Mistari mitatu ya kwanza ni taarifa ambayo hata mpangaji angeweza kuisema. Ya nne inaacha kuwa taarifa. Ukiweka mistari miwili ya namna ya ule wa nne, kiitikio kinageuka mashairi ya kadi ya harusi. Mmoja unatosha, na ukae mwisho.

Maneno yawe machache. Mfano mzuri ni wa Dolly Parton, Mmarekani aliyejiunga na kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner mwaka 1967. Alipoona ni wakati wa kujitegemea, mazungumzo yakawa magumu, basi mwaka 1973 akatunga "I Will Always Love You", akaenda kumwimbia Wagoner ofisini kwake. Hawakuwa wapenzi, ulikuwa ushirikiano wa kazi wa miaka kadhaa. Hata hivyo dunia nzima imeuchukua kuwa wimbo wa kuagana kwa wapenzi. Kiitikio chake kina sentensi moja tu, inarudiwa. Beti zake ni fupi, hazina tusi wala dai, na anayeondoka anamtakia heri anayebaki. Ukiusikiliza kwa makini utaona hauelezi kilichoharibika. Nawe usieleze. Watu walioachana baada ya miaka mingi wenyewe mara nyingi hawajui, na wimbo unaojua kupita wahusika unanuka ushauri nasaha.

Hatua ya nne: pima mizani, kisha pima mkazo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote.

Hesabu silabi kwanza. *U-me-me na-li-pa mi-mi*, nane. *Mi-ta i-na ji-na la-ko*, nane. *Ta-a na-zi-wa-sha mi-mi*, nane. *Na gi-za ba-do ni la-ko*, nane. Nane ni nusu ya mstari wa tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, wenye mizani kumi na sita uliogawanyika katikati, na sikio la Mswahili limelelewa humo hata kama mwenyewe hajawahi kusoma shairi tangu amalize shule. Si sheria. Ila ukivunja hesabu, ivunje kwa makusudi. Kumbuka pia kwamba *m* ya "mtu" na ya "mkaa" ni silabi kamili na inataka noti yake.

Sasa mkazo. Kiswahili kinakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho: u-ME-me, na-LI-pa, LA-ko. Muziki nao una pigo zito na pigo jepesi. Viwili hivi vikigongana, yaani silabi dhaifu ikapewa pigo zito, maneno yanapinda na msikilizaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Jaribu kuimba "umeME" ukikanyaga silabi ya mwisho, utasikia. Balaa hili linawapata zaidi wanaochukua tuni ya wimbo wa Kiingereza na kupachika Kiswahili juu yake. Mistari ya Kiingereza huishia mara nyingi kwa silabi nzito. Ya kwetu huishia kwa nyepesi. Kwa hiyo tuni yako imalizie mstari kwa noti mbili, ya kwanza nzito na ya pili ikidondoka.

Piga meza taratibu kwa kiganja, moja mbili tatu nne, useme kiitikio juu yake. "Mita ina jina lako" inaingia bila shida, MI, I, JI, LA, kila mkazo na pigo lake. "Umeme nalipa mimi" haiingii hivyo, kwa sababu mkazo wake wa kwanza uko silabi ya pili. Dawa yake ni kuingiza "u" kabla ya pigo, halafu "ME" ndiyo ikanyage moja. "Na giza" ni vivyo hivyo: "na" inatangulia, "GI" inakanyaga. Mistari miwili inaanza juu ya pigo, miwili inaanza kabla yake. Usinyooshe ili yote ilingane, kupishana huko ndiko kunakozuia kiitikio kisisinzie.

La mwisho kwenye hatua hii ni irabu. Noti ndefu na ya juu inataka mdomo wazi, na *a* inafungua mdomo kuliko zote, ikifuatwa na *e* na *o*. Ukishikilia *i* au *u* juu kabisa koo linabana. Nimemaliza mistari ya pili na ya nne kwa "lako" nikiwa na hilo akilini: "laaa" ndiyo itakayobebwa juu. "Mimi" itaimbwa chini na fupi, na inapendeza zaidi hivyo, maana mwenyewe hajitutumui.

Hatua ya tano: jenga beti mbili, moja ya zamani na moja ya siku ile

Ubeti wa kwanza urudi mwanzo, walipokuwa hawana kitu. Bila huo, msikilizaji hajui kilichopotea kina uzito gani.

*Tulianza na godoro,*
*jiko moja la mkaa,*
*chumba kimoja Mabibo,*
*paa likivuja, ndoo.*

Sikusema walipendana. Paa linavuja, mtu analeta ndoo, wanalala. Nimetaja Mabibo kwa sababu wimbo ukiwa na mtaa unakuwa na anwani. Wewe weka Kisauni, Chang'ombe, Kariobangi, Bwejuu, popote unapopajua kwa miguu. Usichague mtaa kwa sababu unaleta vina.

Kuhusu vina, katika beti sikuvibana. Godoro, Mabibo na ndoo vinaishia na *o*, mkaa umejitenga, na sikio linaridhika. Kiitikio ndicho chenye vina kamili. Ukibana vina kila mahali kwenye wimbo wa polepole, msikilizaji anaanza kubashiri neno linalofuata, na akilipata kabla yako ameshakuacha.

Ubeti wa pili ni siku ya kuondoka:

*Ulikunja nguo zako*
*polepole, kama sala.*
*Sikukuomba ubaki,*
*hukungojea niombe.*

Hapo kuna tashbihi moja, "kama sala", na ni hiyo tu kwa wimbo mzima. Ukianza kufananisha mapenzi na bahari, jahazi na nanga kwenye wimbo mmoja, kitu chako halisi kinazama. Mistari miwili ya mwisho ndiyo iliyonichukua muda, kwa sababu lawama ilikuwa inataka kuingia kwa nguvu. Nilijaribu "hukuniambia kwa nini", nikaona tayari mmoja ameshakuwa mkosaji. "Sikukuomba, hukungojea" inawagawia sawa.

Angalia nyakati za vitenzi. Beti zote mbili ziko kwenye "-li-" na "-ku-": yamepita, yamefungwa. Kiitikio kiko kwenye wakati uliopo: nalipa, naziwasha. Kila ukirudi kwenye kiitikio unamtoa msikilizaji kumbukumbuni na kumrudisha sebuleni leo usiku. Ukichanganya nyakati ndani ya ubeti mmoja, mtiririko huo unapotea.

Hatua ya sita: daraja, kisha badili maneno mawili

Daraja ni kipande kifupi kinachokuja baada ya kiitikio cha pili. Kazi yake ni kuleta jambo ambalo wimbo haukuwa nalo. Watunzi wengi huweka pale maombi ("rudi nyumbani") au fahari ("nitapata mwingine"). Yote mawili ni ya nyimbo nyingine. Mimi ninampa mwimbaji mpango:

*Kesho nitafika pale,*
*jina lako walifute.*
*Kesho yangu ina mwezi,*
*na foleni sijapanga.*

Kila aliyewahi kufuatilia kubadilishiwa jina kwenye karatasi yoyote anajua uzito wa mstari wa nne. Hapo msikilizaji anaruhusiwa hata kutabasamu. Wimbo wa huzuni usio na mahali pa kutabasamu unachosha kabla haujaisha.

Kisha kiitikio cha tatu, na cha mwisho. Mistari mitatu ibaki vilevile, wa nne ubadilike:

*na giza sasa ni langu.*

Neno "bado" limekuwa "sasa", "lako" limekuwa "langu". Usibadili zaidi. Mita bado ina jina lilelile, na mwimbaji asiseme kama ataenda kulifuta.

Hatua ya saba: tuni, kii na kodi

Kama umepitia kwaya, unajua do re mi, na hiyo inatosha, huna haja ya nota za mistari mitano. Mstari wa kwanza wa kiitikio: *so* ya chini kwa "u", kisha *mi mi re mi re do do*. Mstari wa pili unapanda: *mi mi fa fa so la*, halafu *do* ya juu kwa "la" ya "lako", ishikiliwe, na *so* kwa "ko". Mistari ya tatu na ya nne ifuate njia hiyohiyo, ukirekebisha mwanzo kwa ajili ya pigo. Beti zikae chini, zitembee kati ya *so* ya chini na *mi*, karibu na kuongea. Ukianza ubeti juu hutakuwa na pa kupandia.

Kwa tuni hii kii, yaani noti inayokuwa *do* yako, inapatikana kirahisi, kwa sababu noti ya juu kabisa ni *do* yenyewe. Tafuta noti ya juu unayoifikia bila kubana koo, shuka hatua moja nzima, na hapo ndipo kii yako. Ukifika A kwa raha, imba kwenye G. Usiige kii ya mwimbaji unayempenda, koo lake hujaazimwa.

Kwenye G, beti zipigwe kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za Em, C, G, D, na kiitikio G, D, Em, C. Ni kodi nne ambazo kila mpiga gitaa anazijua, zimetumika kwenye nyimbo zisizohesabika, na sioni sababu ya kuzionea aibu. Nafasi ya kushangaza ni moja tu: chini ya "langu" ya mwisho kabisa, C igeuke Cm, ikae kidogo, kisha irudi G. Noti ya *do* imo ndani ya kodi zote tatu, kwa hiyo sauti inaweza kutulia palepale wakati gitaa linabadilika chini yake. Ukiitumia Cm hiyo mapema, ikifika mwisho haitakuwa na kazi.

Mwendo uwe kati ya pigo 66 na 76 kwa dakika. Mwambie produza mapema, tena kwa tarakimu. Usipomwambia atakuletea biti ya kuchezeka, kwa nia njema kabisa, na wiki ijayo utajikuta unaimba talaka juu ya amapiano.

Hatua ya nane: panga vyombo kwa kuvinyima

Rudi kwa Dolly Parton. Whitney Houston alipourekodi wimbo ule mwaka 1992 kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard, alianza peke yake, sauti tupu, bila hata kinanda. Vyombo vikaja kimoja kimoja. Karibu na mwisho kila kitu kinanyamaza, ngoma inapigwa mara moja, na kii inapanda. Wimbo huo ulikaa wiki 14 nambari moja kwenye chati ya Billboard Hot 100. Si kila mtu ana sauti ya Whitney, lakini ule mpango wa kuzuia vyombo kwanza ni wa bure, mtu yeyote anaweza kuutumia.

Kwa wimbo wetu: ubeti wa kwanza gitaa moja. Kiitikio cha kwanza gitaa lilelile na besi. Ngoma zisiingie kabla ya ubeti wa pili, na zikija ziwe laini. Daraja liimbwe karibu bila kitu. Kiitikio cha mwisho kipate kila ulichonacho kwa mistari mitatu, kisha mstari wa "langu" ubaki na gitaa peke yake. Kii usiipandishe, mtu anayeimba kuhusu foleni ambayo hajaipanga hana sababu ya kupaa.

Hatua ya tisa: rekodi

Kabla ya kulipa studio, imba wimbo mzima kwenye simu, gitaa na sauti, na usikilize siku ya pili ukiwa unafanya kazi nyingine. Mahali utakapojikuta umeacha kusikiliza, hapo pana tatizo, na mara nyingi ni neno moja au mawili.

Sauti ya kweli inaweza kurekodiwa hata chumbani, kona yenye godoro lililosimamishwa na nguo zinazoning'inia, zinazofyonza mwangwi. Simama shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, weka kitambaa chepesi mbele yake kizuie pumzi za *p* na *b*, na kilele cha sauti kisipite desibeli 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha rekodi. Imba mara kadhaa, usifute ya kwanza. Mwimbaji akishauzoea wimbo anaanza kuupamba, na mapambo ndiyo yanayouharibu. Wakati wa kumalizia, usimruhusu fundi aubane hadi uwe na kelele. Spotify hushusha nyimbo zenye kelele zilingane na nyingine kwenye LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya sifuri hivi, kwa hiyo unachokipata kwa kubana ni kupoteza tu ule utulivu ulioulipia.

Hatua ya kumi: kabla hujauachia

Ikiwa wimbo umetoka kwenye maisha yako, mtu wa upande wa pili atausikia, na watoto watausikia shuleni kabla yako. Badili mtaa, badili kazi, badili idadi ya miaka. Mita inaweza kuwa ya maji. Akijitambulisha mwenyewe kwa watu, ni hiari yake, usimtambulishe wewe kwenye mahojiano ya redio. Mtangazaji atakuuliza tu "huyu ni nani?", jibu uwe nalo.

Haki zako ziweke sawa wakati bado mnapendana studio. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapotunga, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo chako, lakini kuandikisha kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi mkononi siku mtu akikugeuka. Kenya ofisi yake ni KECOBO. Andikeni karatasi moja: maneno ya nani, tuni ya nani, biti ya nani, asilimia ngapi kila mmoja, mtie saini kabla wimbo haujaenda Boomplay, Audiomack au YouTube. Kila rekodi iwe na namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo wasambazaji wengi wa mtandaoni hukupatia. Elvis Presley alipotaka kuurekodi wimbo wa Dolly, meneja wake Kanali Tom Parker alidai nusu ya haki za uchapishaji, yaani za utunzi wenyewe. Dolly alikataa, ingawa ilimuuma, na miaka karibu ishirini baadaye Whitney alipouimba, haki hizo zilikuwa bado zake.

Jambo moja watu hulisahau. Meseji au barua aliyokuandikia mwenzako ni maandishi yake, hata kama karatasi iko kabatini kwako. Ukitaka kuiweka kwenye ubeti neno kwa neno, muombe ruhusa kwa maandishi. Akikubali akitaka na fungu lake, mwandike kwenye karatasi ileile pamoja na produza, kwa jina lake kamili, na asilimia yake mbele.